Mlima katika chungu

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Guangyuan Xilu kwa marobota ya nguo, viatu na mabegi. Barabara hii ya Guangzhou, nyuma ya stesheni kuu ya reli, si mahali pa kutafuta mmea wa theluji. Wastani wa joto la Julai ni karibu nyuzi 29, unyevu hauondoki hewani hata usiku, na kilele cha juu kabisa cha Baiyun, mlima wa jirani, kina mita 382 tu.

Hata hivyo, upande wa pili wa stesheni, ndani ya bustani ya ziwa Liuhua, ipo Xiyuan, makao ya sanaa ya penjing tangu 1964. Penjing ni ulezi wa mti mzima ndani ya chombo cha kauri kisicho na kina. Mafundi wa Guangzhou, ambao Kong Taichu alikuwa miongoni mwa waasisi wao katika miaka ya 1930, hawakutegemea waya kuukunja mti. Huliacha tawi lirefuke mpaka linenepe inavyotakiwa, hulikata, huliachia chipukizi moja nafasi yake, kisha baada ya misimu kadhaa hukata tena. Mti wa nchi ya joto huishia na umbo la mti uliopigwa na upepo wa majabali miaka mingi. Ni jibu la busara kwa mji usio na baridi: mlima unajengwa kwa mmea wa bondeni.

Ulaya ilichagua njia ngumu zaidi. Huko walitaka mmea wa kileleni wenyewe ushuke.

Mwaka 1773, katika bustani ya dawa ya Chelsea, London, ilijengwa bustani ya mawe kwa vifusi vya ngome ya mji huo na mawe ya volkano ambayo Joseph Banks alikuwa ameyaleta kutoka Iceland. Mawe yalipatikana mapema. Ujuzi ulichukua karne nyingine. Mwaka 1864 Anton Kerner, profesa wa Innsbruck, alitoa kitabu kizima juu ya kilimo cha mimea ya Alps. Henri Correvon wa Geneva alifuata, na huyu anastahili heshima ya pekee, kwa sababu aliona vilele vikiporwa na wachuuzi wa maua akahimiza watu waoteshe mbegu badala ya kung'oa. Bustani yake ya La Linnaea, huko Bourg-Saint-Pierre, ilifunguliwa 1889. Kisha Mwingereza Reginald Farrer, kwa kitabu chake cha 1907, akaifanya bustani ya mawe kuwa shauku ya nyumba za kawaida. Mwaka 1914 alikwenda Gansu, China, pamoja na William Purdom kusaka mbegu. Alifariki Burma mwaka 1920 akiwa bado safarini. Miaka tisa baadaye wapenzi wa mimea hiyo waliunda chama chao, Alpine Garden Society.

Mtihani mkubwa wa watu hawa wote ulikuwa mimea inayokua kama takia. Mmea wa aina hii hubana matawi yake mafupi mpaka yanakuwa kitu kimoja kigumu, cha mviringo, kilicholala chini. Upepo hupita juu yake bila kupenya. Jua likitoka, ndani yake joto hupanda kuliko hewa ya nje. Majani yaliyokufa hubaki humohumo na kuoza yakawa udongo. Mzizi mkuu huzama ndani kabisa ya nyufa. Hukua taratibu mno: baadhi ya mimea ya Silene acaulis imekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 300.

Ukiuteremsha bondeni, ubora huo unageuka kuwa hatari. Maji yanayonaswa kati ya majani hayakauki, usiku hauna baridi ya kuupumzisha mmea, kuvu linaingia, na takia linaoza kuanzia katikati. Kwa hiyo historia ya kulea mimea hii ni historia ya kupambana na unyevu. Walezi walijifunza kuzika vyungu vya udongo ndani ya mchanga na kumwagilia mchanga, si mmea. Shingo ya mmea ilizungushiwa kokoto ili isiguse udongo wenye maji. Nyumba za vioo zilijengwa bila hita, zikiwa na madirisha ya kupitisha upepo pande zote. Wacheki walikuja na mbinu bora kuliko zote kwa mtu asiye na fedha nyingi: mabamba ya mawe yanasimamishwa wima, yakikaribiana, na mmea unapandwa katika ufa. Upande wa pili wa gharama ipo nyumba ya vioo ya Davies katika bustani ya mimea ya Kew, London, iliyofunguliwa 2006, ambayo hupoza hewa katika vijia vya chini ya sakafu kabla ya kuipuliza kwenye mimea.

Afrika Mashariki ina mimea ya namna hii nyumbani kwake. Mwaka 1871 mmisionari Charles New alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro na kukusanya mimea iliyopelekwa Kew. Mmoja ulipewa jina lake: Helichrysum newii, wenye majani ya kijivu yenye manyoya. Umepatikana hadi ndani ya kreta ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, juu ya mita 5,500, karibu na matundu yanayotoa mvuke. Mtaalamu wa Sweden, Olov Hedberg, aliyeichunguza milima yetu kuanzia 1948, aliyahesabu matakia kuwa moja ya maumbo makuu matano ya mimea ya vilele hivi.

Ila mmea wa Kibo na wa Alps haina tabia moja. Ya Alps hulala miezi mingi chini ya theluji, na mingi kati yake haitoi maua bila usingizi huo. Wa Kibo hupata jua kali mchana na barafu usiku, mwaka mzima, kwa saa 12 za mwanga. Usiku wa Desemba wa London, wenye saa 16, ni mazingira mageni kwake.

Njombe na Limuru, zenye mwinuko wa karibu mita 2,000 au zaidi, zina kitu ambacho Guangzhou haina: usiku wa baridi. Mtu wa huko anaweza kuanza na Sempervivum ndani ya ufa wa mabamba, kokoto shingoni, na paa la nailoni lililo wazi pande zote wakati wa masika. Mmea wa Kibo wenyewe asiuguse. Kung'oa mimea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa kisheria.