Herufi na Tarakimu: Hesabu ya Hoja na Hesabu ya Kubahatisha

Ndugu msomaji, ikiwa ulisoma chuoni kwa walimu wa zamani, bila shaka masikio yako yanayakumbuka maneno haya: abjad, hawwaz, hutti, kalaman, sa'fas, qarashat, thakhadh, dhadhagh. Watoto waliyaimba pasi na kuelezwa maana yake. Na kwa hakika hayana maana ya mazungumzo. Ni mnyororo wa herufi 28 za Kiarabu, zilizopangwa kwa utaratibu wa kale, na kila herufi imepewa hesabu yake. Alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ye ambayo ni 10. Kisha zinapanda kwa makumi: kafu 20, lamu 30, mimu 40. Kisha kwa mamia: qafu 100, re 200, shini 300, hata ghaini ambayo ni 1000.

Makala haya yanataka kueleza habari ya herufi zinazosimama mahali pa tarakimu: zilitoka wapi, zilitumiwaje kwa faida, na zilitumiwaje kuwapoteza watu. Na mwisho tutaona fumbo moja la Waingereza la mwaka 1924, ambalo ingawa ni mchezo tu, limebeba funzo kubwa kwa mwenye kuzingatia.

ASILI YA JAMBO

Kuhesabu kwa herufi ni jambo la kale kuliko Uislamu. Wayunani walikuwa wakifanya hivyo, na Waebrania na Wasuria pia. Waarabu walirithi utaratibu huo na kuuendeleza. Katika majedwali ya wanajimu wa Kiislamu, hesabu za mwendo wa jua, mwezi na sayari ziliandikwa kwa herufi za abjadi. Usturlabu, yaani kile chombo cha shaba cha kupimia kimo cha jua na nyota, kilichorwa daraja zake kwa herufi hizo hizo. Washairi nao walitunga ubeti ambao herufi zake zikijumlishwa hutoa mwaka wa kufa mtu au wa kujengwa msikiti. Hata leo utaona 786 imeandikwa juu ya barua au mlango wa duka. Hiyo ni jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi: 102 kwa neno la kwanza, 66 kwa jina la Allah, 329 na 289 kwa majina mawili yaliyobaki. Jumlisha mwenyewe uone.

Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kueleza tarakimu za Kihindi, zile tisa pamoja na sifuri. Neno hilo sifuri tunalo katika Kiswahili mpaka leo, kama tulivyo na sita, saba, tisa na ishirini. Yote tumeyapata kwa Waarabu. Na katika kitabu chake kingine, cha al-jabr na al-muqabala, al-Khwarizmi alifundisha namna ya kulitafuta lisilojulikana. Hesabu asiyoijua aliiita "shay", yaani kitu. Husemi kitu hiki ni ngapi kwa kukisia. Unakifunga kwa yale unayoyajua, kisha unakibana hatua kwa hatua mpaka kijitaje chenyewe. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi.

Katika karne hiyo hiyo Yaakub bin Is-haq al-Kindi, aliyefariki karibu na mwaka 873, aliandika risala ya kufichua maandishi ya siri. Alisema kwa ufupi hivi: tazama ni herufi gani inayorudi mara nyingi katika lugha, kisha tazama ni alama gani inayorudi mara nyingi katika barua ya siri, hapo utaanza kuijua. Risala hiyo ilipatikana katika maktaba ya Istanbul na kuchapishwa Damascus mwaka 1987. Ni ya kale kuliko vitabu vyote tuvijuavyo vilivyofundisha kazi hiyo kwa njia hiyo. Tena tazama: al-Kindi hakuomba jini wala hakutazama nyota. Alihesabu.

NJIA YA PILI

Lakini ilikuwapo na njia ya pili. Wapo waliosema: maadamu jina lina hesabu, basi na mwenye jina bahati yake imo katika hesabu hiyo. Wakajumlisha majina ya wagonjwa, ya wasafiri na ya wachumba, wakatoa hukumu.

Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ameeleza katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, hesabu moja iitwayo hisabu ya nim. Wafalme wawili wakitaka kupigana, mtu hujumlisha herufi za jina la kila mmoja, kisha huondoa tisa tisa mpaka ibaki hesabu ndogo. Ikiwa mabaki yote mawili ni shufwa au yote ni witiri, mwenye dogo atashinda. Ikiwa moja ni shufwa na jingine ni witiri, atashinda mwenye kubwa. Yakiwa sawasawa na ni shufwa, atashinda aliyeshambuliwa. Yakiwa sawasawa na ni witiri, atashinda mwenye kushambulia. Ibn Khaldun aliyaeleza hayo yote, kisha akayakataa, kwa kuwa hayana dalili wala uhakika.

Hebu tuyajaribu wenyewe. Tuseme Salim amemshambulia Ali. Salim kwa Kiarabu ni sini, alifu, lamu, mimu: 60, 1, 30 na 40, jumla 131. Ukiondoa tisa tisa inabaki 5. Ali ni aini, lamu, ye: 70, 30 na 10, jumla 110, inabaki 2. Moja witiri, jingine shufwa. Basi mwenye kubwa, Salim, ndiye mshindi. Lakini ndugu zetu wa Maghribi wanazipanga baadhi ya herufi kwa namna yao, na kwao sini si 60 bali ni 300. Salim wa Maghribi ni 371, inabaki 2. Ali ni yule yule, 2. Mabaki sawasawa na ni shufwa. Basi aliyeshambuliwa, Ali, ndiye mshindi! Vita ni vile vile, watu ni wale wale, ila mshindi hubadilika kwa kuvuka jangwa la Libya. Hii ni elimu gani?

YALIYOTUPATA SISI

Siandiki haya kwa kucheka. Nilipokuwa kijana, binti ami yangu aliposwa na kijana mwema wa mtaa wa pili. Mahari yalikwisha pokewa, na mama zetu wamekwisha anza kushona. Kabla ya siku kufika, wazee wa upande wa mume walikwenda kwa mwalimu mmoja wa falaki. Yule mwalimu akajumlisha majina, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili kwa idadi ya buruji, akasema nyota hazipatani, na nyumba hiyo haitadumu. Mahari yakarudishwa. Hakuna aliyegombana. Binti akaingia chumbani, na kwa muda mrefu hatukumsikia akicheka.

Miaka mingi baadaye nilijifunza abjadi, nikairudia ile hesabu. Jina lake lilikuwa na te ya mwisho ile ya mviringo, kama ilivyo katika jina la Fatma. Herufi hiyo wengi huihesabu kama he, yaani 5; wengine huihesabu kama te, yaani 400. Chukua jina la Fatma uone. Ukihesabu kwa njia ya kwanza ni 135. Ondoa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 3, na nyota ni Jauza. Ukihesabu kwa njia ya pili ni 530, inabaki 2, na nyota ni Thauri. Hata ukiongeza jina la mama, tofauti ile haiondoki. Kwa herufi moja, ambayo watu hawakuafikiana juu yake, msichana anahamishwa nyota, na posa inavunjika.

FUMBO LA MWAKA 1924

Sasa tutazame herufi zinavyosimama mahali pa tarakimu kwa njia ya hoja.

Uingereza palikuwa na bwana mmoja, Henry Dudeney, aliyeishi tangu 1857 mpaka 1930. Babu yake alikuwa mchunga kondoo aliyejifundisha hesabu mwenyewe malishoni, kisha akawa mwalimu. Mjukuu naye hakusoma chuo kikuu. Alianza ukarani angali na miaka 13. Lakini alitunga mafumbo ya hesabu yaliyosifika dunia nzima. Mafumbo ya herufi na tarakimu yalikwisha chapwa Marekani mwaka 1864, na mwaka 1931 gazeti moja la Ubelgiji, Sphinx, liliyapatia jina maalumu. Lakini lililoshinda yote kwa umaarufu ni lile alilolitoa Dudeney katika Strand Magazine mwezi wa Julai 1924: SEND + MORE = MONEY. Maana yake ni ombi la mtu aliyeishiwa: tuma pesa zaidi.

Sharti ni mbili. Kila herufi ni tarakimu moja, wala herufi mbili hazishiriki tarakimu moja. Na neno halianzi kwa sifuri. Chukua karatasi, uyaandike maneno mawili juu na la tatu chini, tufuatane.

Kwanza, hesabu mbili za tarakimu nne zikijumlishwa hazifiki 20,000. Basi M ya mwanzo wa jibu ni 1, haiwezi kuwa nyingine.

Pili, tazama safu ya maelfu: S na 1, pamoja na 1 ya kubeba ikiwapo, zimefika kumi au zaidi. Hata S ikiwa 9, hazipiti 11. Basi O ni 0 au 1, na 1 imekwisha chukuliwa na M. Basi O ni 0.

Tatu, safu ya mamia: E na 0 zinatoa N. Kama hapakubebwa kitu kutoka makumi, N ingekuwa sawa na E, na hilo limekatazwa. Basi ilibebwa 1, na N ni E na moja zaidi. Je, safu hii yenyewe inabeba kwenda maelfu? Ingebeba tu kama E ni 9, na hapo N ingekuwa 0, ambayo ni ya O. Basi haibebi. Na kwa kuwa haibebi, S ni 9.

Nne, safu ya makumi: N na R zinatoa E na kubeba 1. N imeizidi E kwa moja, basi R ni 9, au ni 8 ikiwa imebebwa 1 kutoka mamoja. 9 ni ya S. Basi R ni 8, na mamoja yamebeba.

Tano, safu ya mamoja: D na E zinatoa Y na kubeba 1. Y haiwezi kuwa 0 wala 1, basi D na E pamoja ni 12 au zaidi. Zilizobaki ni 2 mpaka 7. Zinazofika 12 ni 5 na 7, au 6 na 7. E ikiwa 7, N itakuwa 8 ya R, haifai. E ikiwa 6, D itakuwa 7 na N pia 7; haifai. Basi E ni 5, D ni 7, N ni 6, Y ni 2.

9567 na 1085 ni 10652. Hakuna jibu jingine.

Na ile kuondoa tisa tisa, ambayo wapiga ramli waliitumia kwa vita vya wafalme, wanahisabu wa Kiislamu waliifanya mizani ya kukagua kazi zao. Jumlisha tarakimu za 9567: 27, ondoa tisa, inabaki 0. Za 1085 ni 14, inabaki 5. Za 10652 ni 14, inabaki 5. Sifuri na 5 ni 5, mizani imekubali. Lakini mizani hii ina mpaka wake: ukikosea ukaandika 10562, itakubali vile vile. Ikikataa, hesabu yako ni makosa. Ikikubali, bado yakupasa kurudia njia.

Hata Kiswahili chetu kinaweza mchezo huu. SABA + MOJA = NANE: 3141 na 6051 ni 9192. Lakini pia 4131 na 5061 ni 9192, na yapo majibu mengine. Kwa hiyo fumbo langu ni dhaifu kuliko la Dudeney, na mimi sina haki ya kulishika jibu moja nikasema hili ndilo. Mwenye insafu akikuta majibu mengi husema ni mengi. Yule mwalimu wa falaki alikuwa na hesabu mbili, akasema moja tu.

FUNZO

Ndugu zangu, hesabu haina kosa, wala abjadi haina kosa. Kosa ni kutoa hukumu juu ya maisha ya watu bila ya hoja. Qurani imeharamisha kuagulia kwa mishale, na imewataka wenye kudai walete dalili zao. Mtu akikuletea jibu, mwambie akuonyeshe na njia. Akiweza kukuonyesha kila hatua, ukairudia wewe na jirani yako mkafika pale pale, hiyo ni elimu hata kama ni ya mchezo. Asipoweza, hiyo si elimu hata kama amevaa kilemba kikubwa.

Nilipompelekea ami yangu ile karatasi alikuwa mzee sana. Akaivuta karibu na macho, akaisoma kwa kidole, 5 na 400, mara mbili tatu. Kisha akasema: "Mwanangu, sisi hatukumwambia atuandikie hesabu yake. Tuliona haya kumwuliza."

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akanyanyuka kwenda kutawadha.

Wabillahi tawfiq.