Mchuma Dhuluma, Si Mnufaika

Katika rasimu moja ya tafsiri za kisheria iliyopita mikononi mwetu sisi wenye shughuli ya istilahi, mtu ambaye, akijua fika kwamba binadamu wenzake wamehadaiwa, wamefungiwa na wametumikishwa, hunyoosha mkono wake akapokea sehemu ya fedha iliyotokana na mateso yao, ameitwa "mnufaika wa makusudi wa usafirishaji haramu wa binadamu". Na mimi nasema waziwazi kwamba istilahi hiyo ni mbovu mwanzo wake na mwisho wake, na kwamba waliokaa kitako wakaipitisha hawakuisikiliza lugha wanayoitungia maneno.

Amma kuhusu neno mnufaika, kila msomaji analijua mahali linapoishi leo. Wanufaika ni wale wanafunzi wanaopewa mikopo ya elimu ya juu. Wanufaika ni zile kaya maskini zinazopokea ruzuku ya TASAF. Ni bibi kizee wa Ipinda, kule Kyela, anayesimama kwenye foleni na kitambulisho chake mkononi. Neno limekwisha kupata heshima yake, nalo hunukia hisani. Kumvika heshima hiyo mtu aliyekodisha nyumba yake iwe ghala la watu ni kumtukuza yeye na kumfedhehesha bibi kizee kwa pamoja.

Lakini ila iliyo kubwa zaidi imo katika sarufi. Kunufaika kumetokana na nafaa ya Waarabu, nasi tukakitia kiambishi kile kile tunachokisikia katika kuvunjika, kumwagika na kuchafuka, ambacho aghalabu huarifu kwamba jambo limemfika mtu au kitu pasipo kumtaja aliyelitenda. Chungu huvunjika, maziwa humwagika, na mtu hunufaika, kama kwamba faida ilipita njiani ikamwangukia begani. Najua nitatajiwa kushughulika na kuhangaika ili nionyeshwe kwamba kiambishi hicho hakikatai juhudi. Nami najibu kwamba hata humo mtu ametwaliwa na shughuli au na hangaiko, wala si yeye aliyelitwaa. Ilhali jinai tunayoizungumzia ni ya mtu aliyetwaa. Mjumbe mmoja wa kamati ya istilahi aliyependekeza mfaidika badala ya mnufaika hakutuondolea dhiki hata chembe, kwa kuwa amelibadili shina akaubakisha ugonjwa.

Wapo, hasa ndugu zetu wa Kenya, wanaosema ulanguzi wa binadamu, na neno hilo lina nguvu. Walakini kwa Mtanzania mwenye kumbukumbu, mlanguzi ni yule aliyesakwa mwaka 1983, katika vita vya marehemu Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, kwa kuficha sukari na sabuni apate kuziuza ghali. Zaidi ya hayo mlanguzi hununua na kuuza yeye mwenyewe. Muradi wetu ni mtu wa tatu, asiyenunua wala kuuza wala kusafirisha, bali anayekula pamoja nao.

Mtu huyo mimi namwita mchuma dhuluma, na jinai yake uchumaji dhuluma, na kile alichokipata chumo la dhuluma. Kuchuma ni kuliondoa tunda mtini kwa mkono. Na katika bonde la Kyela, penye kakao kuanzia Busale hadi kando ya Mto Mbaka, hapana mtoto asiyejua kwamba anayechuma si lazima awe ndiye aliyepanda. Kutoka hapo neno likapanuka likawa kupata mali, tukawa na chumo, na uchumi, ambao kabla ya kufanywa elimu ya serikali na vyuo ulikuwa ni kule kuchuma tu. Neno hili linao mkono, na mkono ndio unaoshtakiwa. Ama dhuluma, ambayo asili yake ni dhulma, wanazuoni wa lugha ya Kiarabu waliifasili kuwa ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Nami sijui dhuluma iliyo wazi kuliko kumtoa mtu katika daraja ya utu ukamweka katika mizani ya bidhaa. Nimeambiwa kwamba dhuluma ni neno pana mno, kwa kuwa hata shamba hudhulumiwa. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sheria kwa kawaida huwa na kifungu cha tafsiri mwanzoni mwake, kinachoyafunga maneno mapana katika maana inayotakiwa. Aidha, wahenga walikwisha kutufungulia mlango waliposema mchuma janga hula na wa kwao.

Wenye kudhani kwamba dhana hii imeletwa juzi na mikataba ya ng'ambo watazame upande wa pili wa Mto Songwe, pale Karonga, Malawi ya leo. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara wa pembe na watumwa aitwaye Mlozi na wenzake, Kopakopa na Msalema, walijenga maboma yao karibu na duka la Kampuni ya Maziwa ya Afrika ya Waskoti, kwa sababu duka hilo lilinunua pembe za ndovu. Na pembe na watumwa zilikuwa ni biashara mbili zilizofuatana njia moja, na hilo lilijulikana na kila mtu mwenye macho. Mwaka 1887 watu wa Mlozi waliwaua Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa nasaba, katika mafunjo ya Kambwe, na ndipo kampuni ikaingia vitani. Desemba 1895 Mlozi alihukumiwa na kunyongwa. Wanunuzi wa pembe hawakuulizwa neno, si Karonga, si Unguja, wala huko Ulaya zilikogeuzwa vinanda na mipira ya biliadi. Kuuza watu kulikuwa na jina, na kuchuma katika kuuzwa kwao hakukuwa nalo.

Sehemu ya pili ya istilahi ile, "wa makusudi", imekosewa vibaya zaidi. Makusudi, kutoka kasidi, ni shabaha ya moyo. Kujua ni hali ya akili. Na mtu aweza kujua jambo asilolikusudia. Mwenye nyumba hakukusudia watu wateswe. Alikusudia kodi tu, naye akajua. Ukiandika makusudi umemfungulia mlango wa kutokea. Waingereza waliposhtaki kwa sheria yao ya mwaka 1824 iliyokataza kuisaidia biashara ya watumwa kwa mali na mitaji, mfanyabiashara Pedro de Zulueta alisimamishwa kizimbani London mwaka 1843 kwa kuiandaa merikebu iliyokwenda pwani ya Afrika Magharibi, akaachiwa. Na kesi nzima ilizunguka swali la kama alijua safari ilikuwa ya nini. Wamarekani, katika sheria yao ya mwaka 2008, hawakutosheka na kujua peke yake, wakamwongeza na yule aliyefumba macho bila kujali. Mahakama zetu zina maneno ya siku zote ya kueleza haya: mtu hushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi huku akijua kuwa ni ya wizi. Huku akijua! Kwa nini tuyaache maneno hayo tukaazime makusudi yasiyotuhusu?

Kuhusu matumizi, mfano mmoja unatosha. Mwenye pagale karibu na Kasumulu, mpakani na Malawi, aliyezoea kodi ya mwezi, sasa analipwa kwa usiku na kwa hesabu ya vichwa. Madirisha yamepigiliwa mbao kwa nje, na waliomo ndani hawaachiwi mpaka ndugu zao watume fedha: huyo ni mchuma dhuluma. Mama ntilie aliyewauzia wali kwa bei ya kila siku siye. Sheria yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, Na. 6 ya mwaka 2008, haikumlenga msafirishaji peke yake, bali inamgusa dalali na mwenye kuirahisisha jinai. Lakini maadamu tunaiita yote "usafirishaji", macho ya watu huishia kwa dereva. Na uzito wa jinai yenyewe haufichiki: Juni 2012 Ziwa Nyasa liliwazamisha Wahabeshi zaidi ya 40 upande wa Malawi, na mwezi huo huo maiti zaidi ya 40 za Wahabeshi wengine zilikutwa mkoani Dodoma, zimetupwa kutoka katika lori.

Pendekezo langu liliwahi kupelekwa mbele ya kamati, likarudi na maneno kwamba "lina ladha ya kishairi". Sikuridhika, na sitaridhika, na jibu la watu wanaoiona ladha kuwa kasoro ya neno. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na kila hati inayotafsiriwa vibaya leo itanukuliwa kesho kama mfano. Basi nawasihi waandishi wa mashtaka, wafasiri wa mahakama na wahariri wa magazeti: andikeni mchuma dhuluma, mwandike huku akijua, na neno mnufaika mwachieni mwanafunzi na bibi kizee wa Ipinda.