Tarehe Moja, Hazina Mbili



Wako watu wanaoamini kwamba siku fulani ina nuksi. Leo na tuitazame tarehe 29 Oktoba katika miaka miwili, tuone kama kosa ni la siku.

Tarehe 29 Oktoba, 1885, Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Alikuwa ametoka pwani yetu, akapita nchi ya Wamasai mpaka Mumias, akielekea Buganda. Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni watokao mashariki, kwani alikuwa amesikia jinsi Wajerumani walivyotwaa nchi. Akaamuru auawe. Wapagazi wapatao 50 walikuwa pamoja naye, na wachache tu ndio waliookoka. Tunapomkumbuka askofu, tusiwasahau hao.

Tarehe 29 Oktoba, 1929, kule New York, watu walikimbilia kuuza hisa zao. Hisa zaidi ya milioni 16 ziliuzwa siku ile moja, na bei zikaporomoka. Wengi walikuwa wamezinunua kwa fedha za mkopo. Miaka iliyofuata mabenki yalifungwa, watu wakakosa kazi, na hata hapa Kenya bei ya mahindi na kahawa ikaanguka. Mkulima asiyenunua hisa hata moja naye aliumia.

Ndugu zangu, mtu aliyesimama Busoga siku ile angesema, "Kazi ya Injili imekwisha." Na aliyesimama New York miezi miwili kabla ya anguko angesema, "Utajiri huu hauna mwisho." Wote wawili wangekosea. Mwaka 1892 mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe, na Kanisa la Uganda likazidi kukua. Mwanga mwenyewe, akiwa uhamishoni Shelisheli, alibatizwa akaitwa Danieli.

Basi siku haina nuksi. Siku hufunua tu hazina yetu iko wapi. Yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 hakuhukumiwa kwa sababu ya tarehe, bali kwa sababu ya ghala alizojijengea nafsi yake. Nasi kabla ya kulala tujiulize: tumeweka nini kwa Mungu, na ni nani anayeumia kwa tamaa yetu?

Na tuombe. Ee Bwana, tufundishe kuzihesabu siku zetu, na kuzitumia kwa ajili yako na kwa jirani zetu. Amina.