Pori haikukuwa bila mwenyewe

Babu yangu hakujua kusoma, lakini alijua mipaka ya pori ya jamaa yetu: kutoka kijito mpaka mti mkubwa ya barabarani. Kwa yeye ile ilitosha. Kwa Leta haikukuwa kitu.

Hii mambo ilianza zamani. Tarehe 1 julai 1885, Leta ya Leopold II iliandika kama udongo wote usio na mwenyewe ni mali yake. Mahali hakukuwa nyumba wala shamba, walipaita patupu. Kumbe ni mu ile pori watu walikuwa wanapata nyama, uyoga, dawa na kuni, na kuzika wafu wao. Kisha makampuni yakagawiwa pori, na watu wakalazimishwa kuvuna mpira.

Uhuru ikafika, ila lile wazo likabaki. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta. Kode ya misitu ya 2002 ikasema vile vile juu ya pori, lakini ikafungua mlango moja: jamii inaweza kuomba pori yenye inashika kwa desturi, na kupewa bure. Tulingoja miaka 12 tena, mpaka dekreti ya tarehe 2 agosti 2014: hadi hektari 50.000, bila mwisho wa muda.

Tena si kupewa tu. Jamii inaunda baraza ya watu wote, komite ya kusimamia, komite ya kuchunga ile ya kwanza, na baraza ya wazee. Inaandika pia mpango: wapi kukata miti, wapi kulima, wapi kuacha pori ipumzike.

Hapo ndipo inatuhusu. Niliporudi kijijini, walinipa mpango wetu niusome. Ulikuwa mu Kifaransa, na wazee walikuwa wamekwisha kutia kidole. Fasi yenye mama zetu wanatafuta dawa ilikuwa imewekwa mu sehemu ya kukata mbao! Hakuna mtu aliyewasomea. Tulikaa siku mbili, tukatafsiri ukurasa kwa ukurasa, tukarudisha ile karatasi ikarekebishwe.

Mu 1885 wakubwa wetu walipoteza pori juu ya karatasi yenye hawakusoma. Leo sisi tuna diplome. Kama kijiji yako iko na mpango wa pori, umeshausoma?