Utulivu wa Mwili Katika Tiba ya Nafsi
Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia ya molekuli, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kliniki ya wagonjwa ambao dawa zilishindwa kuwatuliza maumivu sugu. Mafunzo yalikuja kuwa ya wiki 8. Mgonjwa alilala chali, akaelekeza fikira kwenye vidole vya mguu wa kushoto, kisha akapanda kiungo kwa kiungo hadi utosini, akiyatambua maumivu bila kupambana nayo. Asili ya zoezi hili ni tafakuri ya Kibudha, ila dini iliwekwa kando kwa makusudi, na kwa busara. Wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyaunganisha mazoezi hayo na tiba ya utambuzi, kwa watu ambao sonona huwarudia. Kitabu chao kuhusu tiba hiyo kilitoka mwaka 2002. Mwaka 2004 mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliipendekeza tiba hiyo kwa waliougua sonona mara 3 au zaidi.