Irente: Njia ya Pembe za Ndovu

Ewe mgeni uliyesimama juu ya jabali hili la Irente, ukitazama chini, karibu mita 1,000, utaona Mazinde na mashamba yake ya mkonge, mahali ambapo Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai aliyetawala Usambara kutoka Vuga hata kufariki kwake mwaka 1862, alijenga makao yake, akipendelea bonde kuliko milima ya wazee wake, kwa kuwa bondeni ndiko ilikopita misafara ya bara ikichukua pembe kwenda Pangani, na kutoka huko Unguja.

Pembe hizo, walizozibeba wapagazi mabegani, zilibadilishwa kwa nguo, bunduki na baruti. Nyingine zikavuka bahari hata Marekani, zikachongwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Na bunduki, kwa masikitiko yetu, zikarudi kuua ndovu wengine.

Kaskazini magharibi iko Mkomazi, pori lililotengwa mwaka 1951 na sasa ni Hifadhi ya Taifa, ambamo ndovu huingia na kutoka Tsavo ya Kenya kwa kufuata maji na malisho. Mataifa yalipiga marufuku biashara ya pembe mwaka 1989, lakini ujangili ulirejea, hata ndovu wa Tanzania, waliozidi 100,000 mwaka 2009, wakasalia takriban 43,000 mwaka 2014.

Tafadhali, usinunue kitu chochote cha pembe. Na ukipata habari za ujangili, uwaarifu askari wa wanyamapori bila kukawia.