Jioni za Redio: Sauti Iliyotoka Moshi Ikarudi Mlimani

Historia ya usharika kwa kawaida huanza na jiwe la msingi, kisha hufuata majina ya wachungaji, hesabu ya waliobatizwa na mwaka kengele ilipofika. Hayo yote yamo katika kitabu hiki. Sura hii fupi inahusu jambo ambalo halikuacha jiwe wala hati: zile jioni ambazo Wakristo wa mteremko wa Kilimanjaro waliketi kuizunguka redio wakisikiliza muziki mkuu wa kanisa, kwaya zao wenyewe na michezo ya kuigiza.

Masikio ya wazee wetu yalikuwa yameandaliwa mapema. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na walitoka katika mji ambao Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750. Pamoja na Biblia walileta nyimbo za korali, uimbaji wa sauti nne na matarumbeta. Kwa hiyo tuni ambazo Bach alizijengea kazi zake zilikuwa zikiimbwa kati ya migomba muda mrefu kabla redio haijajulikana huku. Hata kazi yake kubwa ya Mateso kwa Mathayo haikuwa ngeni kama mtu angedhani. Ni mchezo usio na jukwaa: mwimbaji mmoja husimulia akiwa Mwinjilisti, mwingine huimba maneno ya Yesu, mwingine ya Pilato, na kwaya huwa umati unaopiga kelele. Katikati ya hayo huja korali ambayo usharika unaijua, kana kwamba wasikilizaji nao wameitwa kujibu.

Redio yenyewe ilipanda mlimani polepole. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957. Mkulima aliyeuza kahawa yake kupitia KNCU, muungano wa vyama vya ushirika ulioundwa mwaka 1933, aliweza katika msimu mwema kununua redio ya betri. Betri ilikuwa ghali. Redio ilifunguliwa kwa kipimo, na kwa kuwa ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, majirani walikaribishwa. Kusikiliza lilikuwa tendo la jumuiya, karibu na ibada ya jioni.

Kisha ukaja mwaka 1963. Mwezi Februari, Mfalme Haile Selassie alizindua mjini Addis Ababa kituo cha Radio Voice of the Gospel, kilichojengwa na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Kituo kilikuwa na mitambo miwili ya mawimbi mafupi, kila mmoja wa kilowati 100. Kanuni yake ilikuwa kwamba takribani asilimia 30 ya muda iwe ya mahubiri, na asilimia 70 ya habari, elimu, afya, kilimo na utamaduni. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi. Mwezi Juni wa mwaka huohuo makanisa yetu ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza.

Njia ya sauti hiyo yastahili kukumbukwa. Waimbaji waliteremka mjini, wakaimba mbele ya kinasa sauti. Kanda ikasafirishwa kwa ndege hadi Addis Ababa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,300. Kisha mawimbi yakaruka juu angani na kurudi. Mwimbaji aliyekuwa ameketi nyumbani kwake alijisikia mwenyewe akiimba kutoka Ethiopia. Sauti ilipanda na kushuka, kama ilivyo desturi ya mawimbi mafupi. Mara ikafifia kabisa, watu wakainamia redio, ikarudi tena. Baada ya wimbo ulifuata mfano wa Biblia ulioigizwa, au mazungumzo ya baba na mwana kuhusu shamba na shule. Watoto waliokatazwa kusema wakati wa habari waliruhusiwa kucheka wakati wa mchezo.

Hata hivyo furaha hiyo ilikuwa na swali ndani yake. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi kwa miaka mingi hadi mwaka 1938, aliamini kwamba kanisa lisimame juu ya lugha ya nyumbani, ukoo na ujirani. Redio ilisema Kiswahili. Iliwaunganisha watu wa Machame, Marangu na Rombo na ndugu zao wa Bukoba na Iringa, lakini Kichagga cha ibada kilizidi kurudi nyuma. Upande wa pili, mwaka huo wa 1963 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ya Shakespeare, na ikadhihirika kwamba Kiswahili chaweza kubeba tamthilia nzito. Huko Makumira Mchungaji Howard Olson alikusanya tuni za Kiafrika kwa ajili ya ibada. Wengine walihofu kwamba korali za kale zingedharauliwa. Wengine waliuliza ni hadi lini Mwafrika atamsifu Mungu kwa tuni za wageni. Redio iliyaweka yote mawili katika jioni moja, na msikilizaji akapima mwenyewe.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo. Studio ya Moshi haikufa. Iliendelea kutayarisha vipindi, na katika miaka ya 1990 Sauti ya Injili ikapata masafa yake ya FM. Lakini sauti ile ya Addis Ababa haikurudi tena.

Haukuwa ukimya wa kwanza. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondolewa nchini, na vita vya mwaka 1939 viliwatia tena Wajerumani kizuizini. Kila mara walimu na wazee wa hapa waliendelea kuimbisha, kwa sababu nyimbo zilikwisha kuingia vifuani. Mtambo una mwenye kuufunga. Wimbo aujuao mtu kwa moyo hauna.

Lakini moyo nao hufa na mwenyewe. Wale walioketi karibu na redio hizo wanazidi kupungua. Basi, enyi vijana wa usharika, mlio na kinasa sauti katika kila simu, nendeni kwa babu na bibi zenu. Waombeni waimbe besi na alto kama walivyofundishwa, wasimulie michezo waliyoisikia, na muyahifadhi hayo. Aandikaye historia ya miaka 100 ijayo atahitaji kusikia jinsi tulivyoimba.